Ukiigiza na Kupiga Ilimba, Dai Malipo Mawili

Simu za watayarishaji wa filamu nimezizoea. "Mzee wetu, kuna nafasi ya mganga. Halafu uje na vyombo vyako." Hapo kwenye vyombo ndipo kazi ya pili inapopenyezwa bila bei.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma, mpiga ilimba, ala yetu ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole. Ngoma nimezikuta nyumbani, uigizaji nikausomea Bagamoyo. Kijana unayeshika njia hii, sikia: kuigiza ni mkataba mmoja, muziki ni mwingine. Huo wa muziki useme sauti yako itatumika wapi, ndani ya filamu tu, au hadi kwenye matangazo na YouTube. Wimbo ukiwa utunzi wako, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujakanyaga seti. Ukiwa wa jadi, usijiandike mtunzi. Andika ni wa Wagogo, wewe mpigaji. Wazee nyumbani nao wana televisheni.

Dai na muda wa kusawazisha sauti ya ilimba. Yangu ina nta chini ya vile vyuma, ndiyo inayoweka sauti sawa. Taa zikiwaka kwa muda mrefu nta inalainika, sauti inahama, na mwongozaji anapiga kelele "tayari!" Kuna pia kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, kinachotoa ule mvumo. Mtu wa vipodozi akikigusa kwa kidole tu, basi.

Mvumo wenyewe uutetee. Fundi sauti mmoja aliniambia chombo changu kina hitilafu, angeisafisha kwenye kompyuta. Nikamchezea rekodi ya Hukwe Zawose, marehemu, Mgogo mwenzetu ambaye muziki wake ulitolewa Uingereza na Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel, mvumo ukiwemo. Akaacha. Na kama watachanganya na kinanda, ilimba irekodiwe kwanza, kinanda kiifuate. Mpangilio wa sauti zetu si ule wa kinanda, na wewe ukilazimishwa kukifuata unabaki kubonyeza vyuma viwili vitatu tu.

Kuhusu kuitwa mganga kila mara: mimi hukubali, ila naomba kusoma maneno kwanza. Mganga wa kutoa macho na kutikisa usinga nimemkataa siku hizi. Hakimu au mwalimu anayejua kupiga zeze yupo mtaani, waandishi wamwandike.

Nauli ya ngoma nayo iingie kwenye mkataba. Makondakta wa mabasi huzitoza kama mzigo.