Kuchagua kiongozi mpya wakati matanga hayajaisha

Pole sana ndugu kwa msiba wa mchungaji wenu. Nimekuelewa, wazee wanataka apatikane mrithi wiki hii na kwaya inaona ni kumdharau marehemu.

Soma kitabu cha Hesabu sura ya 20 kwenye Biblia taratibu. Kule mlima Hori Musa anamvua Haruni, kuhani mkuu, mavazi yake ya ukuhani anamvika Eleazari mwanawe, baba mtu bado mzima, ndo Haruni anafariki na Israeli yote inalia siku 30. Yaani cheo kilishapata mtu ila kilio hakikukatishwa. Musa nae alipofariki hivohivo, Yoshua mrithi wake alishawekewa mikono mapema, watu wakalia siku 30 tambarare za Moabu, amri ya kuvuka Yordani ikaja baadae.

Nyie hamkuandaliwa mtu, so wekeni kaimu tu wa ibada afu uchaguzi usubiri matanga yaishe. Msikubali kikundi kijitangazie mtu wao, Abneri, mkuu wa jeshi la mfalme Sauli, alimsimamisha Ishboshethi mwana wa Sauli awe mfalme baada ya Sauli kufa na vita na nyumba ya Daudi ikawa ndefu. Katiba ya kanisa isomeni kabla ya kikao, mkivutana iteni viongozi wa juu. Mama mchungaji kama halali usingizi wala hali chakula mpelekeni hospitali, msimwachie maombi peke yake.