Mwanangu kaja na namba ya tarakimu 10

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nauza ndizi soko la Kiboriloni hapa Moshi, binti yangu yuko form three kaja na namba 4294967297 eti aseme kama ni tasa au sio, jana usiku tumekaa na simu tunagawanya kwa 3, 7, 11, 13 tukaenda mpaka tukapita 100 hakuna inayoingia bila baki, nikamwambia andika tasa ulale, kakataa katakata. Nani yuko sahihi? Na tungegawanya mpaka wapi?

JIBU: Marahaba mama. Binti yuko sahihi, ila usijisikie vibaya maana Fermat wa Ufaransa, mtu mzito kabisa kwenye hesabu, mwaka 1640 aliamini hivyo hivyo kama wewe. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa, na ya kwenu ndo inayofuata kwenye huo mstari (kila namba toa 1, zidisha kwa yenyewe, ongeza 1, unapata inayofuata). Mnacheza bao? Ubao una mashimo 32, weka kete 1 shimo la kwanza, la pili 2, la tatu 4, kila shimo unadabo mpaka la mwisho, jumla yake ni 4294967295, ongeza 2 tu ndo namba ya binti.

Mngegawanya kwa tasa zote mpaka 65536, maana kipeuo cha pili cha namba yenu kinaishia hapo, na chini ya hapo kuna tasa 6542, kwa hiyo mngekesha wiki nzima. Euler, mwanahesabu mwingine, ndo alikata njia, mwaka 1732 akiwa St. Petersburg kule Urusi. Aligundua tasa yoyote inayoweza kuigawanya hii namba lazima iwe 64 mara kitu fulani halafu ujumlishe 1 (kete za bao nazo ni 64, hilo mi hunifurahisha kila nikilikumbuka). Yani 65, 129, 193 na kuendelea, ukitupa zisizo tasa unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Nne za mwanzo zinakataa, ya tano inaingia! 4294967297 ni 641 mara 6700417. Usiniamini mimi wala simu, chukueni penseli: 6700417 mara 600 ni 4020250200, mara 41 ni 274717097, jumlisheni muone.

Najua binti atauliza, je hiyo 6700417 yenyewe? Nayo ni tasa, na athibitishe mwenyewe kwa sheria ile ile. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, za chini ya 641 zimeshakataa, kwa hiyo zimebaki saba tu: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Hizo saba gawaneni kazi nusu nusu mama, mtamaliza kabla chai haijachemka.