Kichwa na Mkia Viende Kwenye Slaidi

Wadogo zangu, juzi nilimkuta kijana mmoja maabarani akimimina nzi wa mchanga, wazimawazima, kwenye kichupa cha kusagia ili wapimwe DNA. Nikamshika mkono kabla hajaanza. Huyo ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu ni watu wenye bidii. Ndiyo maana naandika.

1. Mtego wa taa uutoe alfajiri. Joto la Marigat, kule Baringo, likishapanda nzi hukauka na vinyweleo hupukutika.

2. Lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya kichupa. Wino na alkoholi havikai nyumba moja.

3. Usimpe nzi jina kwa kutazama mahali ulipomtoa. Ni kweli *P. martini* (P. ni *Phlebotomus*, jenasi ya nzi wa mchanga wanaoeneza vimelea vya *Leishmania*, kwa kifupi L.) hupenda vichuguu vya mchwa, naye ndiye tunayemtafuta kwa kala-azar, ugonjwa wa vimelea hivyo unaoleta homa na kuvimbisha wengu, Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Lakini kichuguu hichohicho kitakupa *Sergentomyia* tele, jenasi nyingine ya nzi wa mchanga, ambao wengi hunyonya mijusi. Hapohapo Baringo, kwenye mashimo ya panya, yuko *P. duboscqi* anayeeneza *L. major*, na huyo huleta vidonda vya ngozi, si kala-azar. Panda Mlima Elgon uingie mapangoni: ni *P. pedifer*, na *L. aethiopica* inayohifadhiwa na pimbi. Shuka Gilgil, ni *P. guggisbergi* na *L. tropica*. Mwenye kupulizia dawa nyumba ili kumkomesha nzi anayelala pangoni amemwaga dawa bure.

4. Kichwa na mkia. Hapa nivumilieni.

Ulikuwa msimu wangu wa pili nyanjani. Tulitega kwenye vichuguu kando ya boma moja ambako watoto wawili walikuwa wameugua kala-azar. Asubuhi tulipata majike wengi, na gari lilikuwa linaondoka mchana. Nikawatenganisha kwa vinyweleo vya tumboni: vilivyosimama *Phlebotomus*, vilivyolala *Sergentomyia*. Kigezo hicho si kibaya, ila nzi aliyepigwa na feni ya mtego usiku kucha hubaki kipara. Hao vipara nikawaweka upande wa *Phlebotomus*, kwa sababu ndiko nilikotaka wawe. Nikasaga kumikumi, mwili mzima, na kwenye daftari nikaandika *P. martini*.

Majibu yakarudi: fungu moja lina DNA ya *Leishmania*. Nilimpigia mkuu wangu simu huku natetemeka kwa furaha. Akaniuliza neno moja tu, "Slaidi ziko wapi?" Hazikuwapo. Vifuko vya mbegu vya mkiani, meno ya sibariamu (uwazi wa mdomoni), koromeo, vyote vya kumtambulisha nzi, nilikuwa nimevisaga kwa mkono wangu. Kati ya wale kumi, nani alibeba? Huenda alikuwa *Sergentomyia* mwenye *Leishmania* za mijusi. Huenda alikuwa jike aliyetoka tu kunyonya damu ya mgonjwa. Fungu likaondolewa kwenye ripoti. Baba wa wale watoto alikuwa ameniuliza siku ile ya kutega, "Mkimpata mtaniambia?" Nilirudi kumwambia kwamba sina jibu. Alinikaribisha chai, na sikuweza kuimaliza.

Kwa hiyo: kata kichwa na pingili za mwisho za tumbo, uvipandishe slaidini, mwili uliobaki uende kwenye kichupa chenye nambari ileile. Kichwa kilale chali, la sivyo sibariamu hutaiona vizuri. Na hata ukifanya yote haya, majike wa *P. martini*, *P. celiae* na *P. vansomerenae* hufanana mno. Tazama madume wa mtego uleule, na ukikwama andika *Synphlebotomus*, kundi lao wote watatu, uishie hapo. Jina pana lililo sahihi linamfaa daktari wa kaunti kuliko jina kamili la kubuni.

5. DNA peke yake haimtii nzi hatiani. Tafuta vimelea hai vikiogelea kwenye utumbo wa jike ambaye damu imeshameng'enywa, tena zaidi ya mara moja.

6. Jilindeni, tafadhali. Nzi huyu ana milimita mbili au tatu, hupenya chandarua cha kawaida cha mbu kisicho na dawa, na hana mlio wa kukuamsha. Msitandike kitanda karibu na kichuguu eti kuna kivuli. Ukipata homa isiyokwisha, hata miezi kadhaa baada ya kutoka nyanjani, mwambie daktari ulikokuwa na uombe kipimo cha rK39, kipimo cha haraka cha kala-azar. Nimeona mwenzetu akitibiwa malaria mara tatu huku wengu unavimba.

Yule kijana wa juzi jana jioni aliniletea slaidi yake ya kwanza, anatabasamu mpaka masikioni. Vifuko vya mbegu vilionekana safi, kila pete mahali pake. Kichwa kilikuwa kimelala kifudifudi. Tulikaa naye hadi saa tatu usiku, tukakigeuza.