Dada, meno ya mama yasing'olewe yote kwa mkupuo
Umesema daktari anataka kung'oa meno 9 ya mama yaliyobaki ili waanze upya. Pole sana, ila usikubali haraka. Mzizi wa jino husaidia kuutunza mfupa wa taya. Ukitoka, mfupa huanza kunywea, na hapo hata meno ya bandia hukosa pa kukaa vizuri.

Baba yangu, tukiwa Temeke, aliachiwa meno 4 yaliyolegea kidogo. Walimsafisha ugaga hadi chini ya fizi, wakatibu mizizi ya mawili, kisha yakabeba daraja la muda, yaani meno ya bandia yanayoshikizwa kwenye meno yaliyopo, wakati implanti (skrubu za kushikilia meno ya bandia, hupachikwa kwenye taya) zinashikana na mfupa, kama miezi 4 hivi. Muda wote huo alikula ndizi na samaki pamoja nasi, bila kuziba mdomo kwa kiganja. Jino moja liling'olewa baadaye, lakini lilishafanya kazi yake.

Lililopasuka mzizi kwa urefu, au linalobonyea ukilibana, hilo litoke tu. Omba eksirei ya kinywa kizima, umuulize daktari sababu ya kung'oa kila jino, moja moja. Akikosa majibu, mpeleke mama hospitali ya Muhimbili wamtazame upya. Na kama ana kisukari, sukari itulie kwanza.