Jibu: Wanaonibana nyuma kati ya Segera na Tanga

Salaam ndugu. Umesema usiku ukitoka Segera kuja Tanga, mtu anakuganda nyuma na taa kali. Hata ukiwa 80 hakupiti wala hatoi mwanya, na wewe unaishia kukanyaga mafuta.

Kwanza angalia kioo cha ndani. Magari mengi yana kidude kidogo chini yake, ukikisukuma au kukivuta mwanga unafifia. Mimi nimeendesha miaka bila kukijua!

Usikanyage breki kumkomoa. Nilimfanyia hivyo kijana mmoja pale Muheza, nusura atupande mgongoni, na mke wangu hakunisemesha mpaka tumepita Pongwe. Siku hizi nikifika paliponyooka nawasha indiketa ya kushoto, nalegeza mafuta taratibu, aende zake.

Na lori la mbele likikuwashia kushoto, wengi wanasema ni ruhusa ya kupita. Mie siiamini peke yake: huyu anakuruhusu, yule anakata kuingia shamba la mkonge. Chungulia mwenyewe, na pale penye mstari usiokatika usivuke.

Kama gari lako ni la usukani wa kushoto, hilo sijaendesha, aliyezoea akusaidie.