Presha ya macho kwenye familia: usisubiri dalili

Ndugu yangu, pole kwa yaliyompata mzee. Umesema baba amepofuka kwa presha ya macho (glakoma), wewe una miaka 41, unaona vizuri, na miwani ya kusomea umenunua kwa mmachinga Kariakoo. Unauliza kama kuna haja ya kupima. Ipo, tena mwezi huu.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Unaanza kula uwezo wa kuona pembeni, na jicho moja humfichia mwenzake kasoro. Mama yangu aligundua alipoanza kugonga fremu za milango. Kilichopotea hakikurudi, matone ya kila siku yanalinda kilichobaki tu.

Nenda kwenye kliniki ya macho, CCBRT au Muhimbili kwa mfano, useme mapema kwamba baba anao. Usikubali kusomeshwa herufi ukutani ukaambiwa uko sawa. Omba wapime presha ya jicho, waangalie mshipa wa fahamu wa jicho kwa ndani, na wapime uwanja wa kuona, yaani eneo unaloliona bila kugeuza jicho. Presha peke yake inaweza kusomeka kawaida na ugonjwa upo. Wakikutanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe bodaboda. Ukikutwa salama, waulize urudi lini. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapime.

Miwani ya mmachinga haina ubaya kwa kusomea, ila haipimi chochote. Ninachokiogopa zaidi ni matone ya duka la dawa bila cheti cha daktari: yenye steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) hupandisha presha hiyohiyo.

Jicho likiuma ghafla, na kichefuchefu au duara za rangi kuzunguka taa, nenda hospitali siku hiyohiyo.