Slaisi haiponi kwa kulenga kushoto, wadogo zangu wa gofu hapa Dodoma

Nimevumilia weee ila jana jioni nimeshindwa. Vijana wamejaa pale kwenye kiwanja chetu cha vumbi, kila mtu na draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ayoni, zile fimbo fupi za chuma, hakuna aliyezigusa, mpira unakata kulia, ndo slaisi hiyo, unapotelea kwenye miiba, wanacheka, wanalenga kushoto zaidi, unakata zaidi. Jamani. Nawapenda ndo maana naandika.

1. Sisi wa mkono wa kulia, mpira unaanza kuelekea karibu na pale uso wa fimbo ulipoangalia wakati wa kugusana, halafu unapinda kutegemea uso na njia fimbo inayopita vimepishana kiasi gani. Ukigeuza miguu na mabega kushoto, njia nayo inaenda kushoto, uso umebaki wazi, yaani unaangalia kulia kwa njia hiyo, kwa hiyo umejiongezea slaisi mwenyewe. Laza fimbo chini mbele ya vidole uone umesimama unaelekea wapi. Mazoezini tu lakini, kwenye raundi ni penalti.

2. Gripu, yaani unavyoishika fimbo. Hapa mimi nina kidonda. Kocha wangu, mzee aliyeanzia ukedi, kubebea wachezaji fimbo, aliniambia mkono wa kushoto naishika fimbo kwenye kiganja badala ya kwenye vidole, ndo maana uso haufungi. Akanipanga upya, akaugeuza mkono kulia kidogo mpaka nikiangalia chini naona vifundo viwili vya vidole. Daah, mipira ikaanza kwenda kushoto, mingine inatambaa chini kabisa, na wikiendi ileile nimealikwa Morogoro kucheza na wakubwa wa ofisini. Nikajiambia siaibiki mbele ya mkurugenzi mimi, nikarudi kimya kimya kwenye gripu ya zamani. Nikapiga slaisi zangu nilizozizoea, bosi akasema sio mbaya, nikarudi Dodoma kichwa kimevimba. Mazoezini nikamwambia kocha gripu mpya imekaa freshi. Hakubisha. Akasema vua glavu nione. Akaigeuza, pale chini ya kiganja upande wa kidole kidogo pamechanika, na glavu ilikuwa bado mpya maana nilinunua kwa ajili ya safari hiyohiyo. Fimbo ikikaa kwenye vidole haisagi pale. Akanirudishia, akaenda kufundisha mwingine, mimi hakunisemesha mpaka giza linaingia, na hela ya somo nikalipa, ningesema nini sasa? Kilichoniuma zaidi ni kwamba mkono ulikuwa ushaanza kuzoea, nikaenda kuufundisha kosa lilelile raundi nzima, ikabidi tuanze moja. Kwa hiyo ukibadilishiwa kitu ukaona unaharibu kuliko mwanzo, tulia hapohapo, na kama kuna mechi kaaibike na gripu mpya.

3. Kocha mmoja, kosa moja kwa wakati. Wewe unayeangalia video usiku kucha asubuhi unakuja na swingi, huko kuzungusha fimbo, ya Tiger Woods juu na ya mjomba wako chini, unameza dozi za waganga watano kwa mpigo halafu unauliza kwa nini tumbo linauma.

4. Ayoni inagusa mpira kwanza, ardhi baadaye. Vumbi mnalolilaani litawaonyesha: chora mstari, piga swingi bila mpira, alama ianzie kwenye mstari au mbele yake. Ikianzia nyuma, uzito umeubakiza kwenye mguu wa kulia. Bure kabisa hiyo, na hamfanyi.

5. Hapa tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unasafiri kidogo zaidi. Kuna mmoja wenu alijisifia ayoni saba yake mwezi mzima, kashuka kiwanja cha Lugalo kule Dar, karibu na usawa wa bahari, kila mpira unadondoka kabla ya kufika grini, pale penye shimo, akamlaumu kedi! Kedi wa watu kakosa nini?

6. Upepo ukiwa usoni ongeza fimbo, yaani chukua ndefu zaidi, usiongeze nguvu.

7. Watoto wanaotuokotea mipira walipeni siku hiyohiyo. Na mwangalieni yule mdogo anayepiga vizibo vya chupa kwa kijiti: akimaliza, tumbo limegeukia kule alikopiga, kisigino cha kulia kiko juu, katulia hayumbi. Hakuna aliyemfundisha. Kocha keshamwona, anamtafutia ayoni ya kukata iwe fupi saizi yake, kwa hiyo mwenye fimbo kuukuu ndani ailete.